Sentimita Tano kwa Bei ya Kihamba

Kuna mada ambazo sisi vijana wa kiume wa kampasi hii hatuziongelei mchana. Mpira tunauongelea kantini, siasa tunaziongelea chini ya miti, na boom likichelewa tunaliongelea popote pale. Lakini kimo cha mtu ni mada ya usiku, taa zikishazimwa, tena kwa utani mwingi ili asionekane yeyote ambaye inamuuma. Muhula huu utani huo umepata chakula kipya: video za vijana wa Marekani, Ulaya na Uturuki waliokatwa mifupa ya miguu kwa hiari yao ili waongezeke sentimita tano, sita au nane. Picha ya kabla, picha ya baada. Suti ileile, ukuta uleule, ila mtu kaongezeka.

Wengi wanacheka. Yupo mmoja ambaye hacheki tena. Ni mwenzetu, kwao ni huko juu mlimani, na jambo hili ameshalifikisha nyumbani. Kikao cha familia kimekaa, na kilichowekwa mezani ni kipande cha kihamba. Nilimwomba ruhusa niandike bila kumtaja, akasema andika tu, maana anataka kusikia watu watasemaje wakiwa hawacheki.

Basi nasema. Kurefusha miguu si dhambi wala si wazimu, na mtu mzima mwenye akili zake ana haki ya kuamua juu ya mwili wake. Ila uamuzi huu, kwa jinsi unavyotufikia kwenye simu, umekatwa kichwa na mkia. Hatuoneshwi mwaka mzima uliopo katikati ya zile picha mbili, na hatuulizi ni nani aliyemfundisha kijana mwenye miguu mizima kwamba miguu yake ni mibovu. Na usidhani naongea nikiwa juu ya ngazi. Mimi ni futi tano na inchi nne, viatu vikiwemo.

Tuanze na kazi yenyewe. Mbinu hii haikubuniwa kwa ajili ya urembo. Ilikuzwa Kurgan, mji wa Siberia, kuanzia miaka ya 1950, na daktari aitwaye Gavriil Ilizarov, aliyekuwa anahangaika na watu waliobaki na mifupa isiyounga baada ya Vita Kuu ya Pili. Alitengeneza pete za chuma zinazouzunguka mguu, zinazoshikwa na nyaya nyembamba zilizopenya mfupa na kukazwa kama spoku kwenye rimu ya baiskeli. Akagundua kwamba mfupa uliokatwa, ukivutwa taratibu sana, hauachi pengo: mwili unalijaza kwa mfupa mpya. Neno la kushika hapo ni taratibu. Ni milimita moja kwa siku, tena imegawanywa mara nne, robo robo. Ukiharakisha, mfupa haujai na neva zinaumia. Ukichelewa, unaunga kabla ya wakati na kazi inakwama.

Mmoja wa waliomfanya Ilizarov ajulikane nchi nzima hakuwa mtu aliyetaka kurefuka. Valery Brumel alikuwa bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu, Tokyo 1964. Mwaka 1965 akapata ajali ya pikipiki, mguu ukasagika, akapasuliwa mara nyingi bila mafanikio mpaka alipofika Kurgan. Akatembea, na baadaye akaruka tena zaidi ya mita mbili. Sisi wa Moshi hadithi hii hatuhitaji kufafanuliwa. Pita KCMC, upande wa mifupa, uone vijana wa umri wetu waliolala miguu imening'inizwa, wengine na vyuma vimetokeza nje ya ngozi. Waulize walikuwa wanaenda wapi. Wengi watakwambia walikuwa juu ya bodaboda.

Sasa chukua mbinu hiyohiyo umfanyie mtu ambaye hajavunjika popote. Daktari anakata mfupa wa paja, au ule wa muundi, miguu yote miwili. Siku hizi wengi hawawekewi pete za nje. Wanaingiziwa chuma ndani ya uwazi wa mfupa, chenye sumaku na gia ndogo, ambacho hurefuka kinapowekewa mashine maalumu juu ya ngozi. Makovu yanapungua, na wadudu wa kuingilia kwenye matundu ya nyaya wanapungua pia, lakini hesabu inabaki palepale. Baada ya kukatwa unasubiri kama wiki moja. Kisha milimita moja kwa siku. Sentimita tano ni siku 50 za kuvutwa, kila kitu kikienda sawa. Ukimaliza hapo, mfupa mpya bado ni laini. Unahitaji miezi ya kukomaa, na kwa kawaida kukomaa kunachukua muda mrefu kuliko kuvutwa. Mpaka urudi kukimbia au kucheza mpira, hesabu kitu kama mwaka. Halafu chuma chenyewe kwa kawaida hutolewa baadaye, yaani unarudi tena mezani kupasuliwa.

Na mfupa ndiyo sehemu rahisi. Mfupa unakubali kurefuka. Misuli, neva, mishipa ya damu na ile kano nene ya nyuma ya kisigino vinaburutwa tu. Ndiyo maana kila siku kuna mazoezi ya viungo, na watu waliopitia wanasema maumivu ya mazoezi na ya usiku ndiyo yanayowamaliza. Kano isiponyooshwa, kisigino kinagoma kugusa chini, unabaki unatembelea vidole. Kuna damu kuganda, kuna mafuta ya ndani ya mfupa kuingia kwenye damu na kufika mapafuni, kuna wadudu, kuna neva kuumia mguu ukafa ganzi, kuna mfupa kugoma kuunga. Si kwamba kila mtu anapatwa na haya. Wengi wanapona na kuridhika. Lakini aliyevunjika kwa pikipiki anaingia kwenye hatari hizi kwa sababu njia nyingine hana, wakati mwenzetu njia nyingine anayo: anaweza kubaki alivyo.

Hata wataalamu wenyewe wameteleza. Mwaka 2021 chuma kimoja kilichosifiwa sana, kiitwacho STRYDE, ambacho kilimruhusu mgonjwa kusimama na kuweka uzito mapema, kiliondolewa sokoni baada ya kuonekana kutu kwenye chuma na mabadiliko kwenye mifupa ya baadhi ya waliowekewa. Na China, ambako biashara hii ilishamiri mapema kwa sababu matangazo ya kazi na hata ya wachumba yalikuwa yanataja kimo, serikali iliipiga marufuku mwaka 2006 kwa ajili ya urembo, ikaiacha kwa ajili ya tiba tu, baada ya watu kuharibiwa miguu.

Haya, twende kwenye pesa, maana ndipo kihamba kinapoingia. Marekani operesheni hii inaweza kuzidi dola 70,000. Tukikadiria shilingi 2,500 kwa dola, hiyo ni shilingi milioni 175. Boom la chakula na malazi ni shilingi 10,000 kwa siku. Piga hesabu: ni siku 17,500, karibu miaka 48 ya boom, bila kula na bila kulala popote. Uturuki na India ni nafuu, ndiyo, na huko ndiko macho ya mwenzetu yaliko. Lakini bei inayotangazwa aghalabu ni ya operesheni na siku chache za kulala. Haijumuishi miezi ya mazoezi ya viungo, picha za eksirei za mara kwa mara wakati wa kuvutwa, nyumba ya kupanga, chakula, mtu wa kukusaidia kwenda msalani, na ile safari ya pili ya kutoa chuma. Nauli ya kutoka KIA ndiyo gharama ndogo kuliko zote.

Kuna jambo lingine ambalo video hazisemi: upasuaji huu unakuhitaji uwe karibu na daktari wako kwa miezi. Fikiria umerudi mfupa haujakomaa, na kwenu ni Kibosho ya juu, masika imeanza, tope limefunga njia na gari inaishia barabarani. Nyumba iko bondeni, choo kiko nje. Una magongo mawili na miguu miwili isiyobeba uzito. Mama atakupikia mtori, hilo sina shaka, na majirani watakuja kukuona. Lakini homa ikipanda usiku na mguu ukivimba, aliyekupasua yuko Istanbul. Utapelekwa kwa daktari wa hapa ambaye hakukukata, hana kumbukumbu zako, na pengine hana hata kifaa cha kukigusa chuma alichokikuta. Na chuo je? Utaahirisha masomo mwaka mzima. Sisi wa ualimu tunajua mazoezi ya kufundisha hayakusubiri.

Kuhusu kihamba, wasomaji wa kutoka mikoa mingine wanivumilie kidogo. Kihamba si kiwanja. Ni migomba, kahawa, mfereji, na makaburi ya babu na bibi, vyote mahali pamoja. Ndipo watu wanaporudi kila Desemba hata kama mwaka mzima hawakupiga simu. Vimegawanywa baba kwa mwana mpaka vingine vimebaki vipande vya kutosha nyumba na mistari michache ya migomba. Wazee wengi wanasema hakiuzwi, na kikiuzwa kwa mtu wa nje ya ukoo, hakirudi. Sisemi kwamba ardhi ni kubwa kuliko mtoto. Familia huuza kihamba kwa ajili ya matibabu ya moyo au figo, na hakuna anayelaumu. Ninachosema ni kwamba kikiuzwa kwa sababu hii, wanaolipa si mwenzetu peke yake. Wadogo zake wawili hawakuuliza kuhusu kimo cha mtu, na kikaoni hawakuitwa.

Hapa ndipo wengi wangemalizia kwa kusema "ajikubali tu". Mimi sikubali kumalizia hapo, kwa sababu neno hilo linamtupia yeye mzigo wote. Hakuota ndoto usiku akaamka anachukia miguu yake.

Angalia anachokutana nacho. Matangazo ya ajira ya Jeshi la Polisi yamekuwa yakitaka futi 5 na inchi 8 kwa wanaume na futi 5 na inchi 4 kwa wanawake, kwa hiyo kijana mwenye digrii yake na mapafu ya mbio ndefu anaishia kwenye mstari uliochorwa ukutani. (Na kama anadhani operesheni itamvusha, ajiulize ataeleza nini kwenye vipimo vya afya akiwa na vyuma kwenye mifupa ya miguu yote miwili.) Dada zetu nao, tusemezane ukweli, wanaandika kwenye hadhi zao za simu kwamba chini ya futi sita msisumbuke. Wanaume tukiandika hivyo kuhusu rangi ya ngozi tunaitwa tuongee na mlezi wa wanafunzi. Halafu ukikataa kuumia, unauziwa vidonge. Matangazo ya dawa ya kuongeza urefu yamejaa mitandaoni na hata kwenye nguzo za mjini, wakati ukweli ni mfupi: sehemu za ukuaji kwenye ncha za mifupa zikishafunga, na kwa wengi wetu wa miaka ishirini na kitu zimeshafunga, hakuna kidonge, unga wala mafuta yanayorefusha mfupa. Hizo pesa ni afadhali ukanywe supu.

Na kabla ya polisi na kabla ya mapenzi, kuna shule. Hapa nawasema wenzangu wa kitivo changu. Mtoto wa kwanza kuitwa "mbilikimo" au "andunje" huitwa hivyo paredi, mbele ya shule nzima, na mara nyingi anayeanza ni mwalimu. Tunawapanga kwa kimo, mfupi mbele mrefu nyuma, halafu tunageuza mpangilio kuwa jina. Nilipokuwa mazoezi ya kufundisha kwenye sekondari moja, wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa wananipita mabega, na mzazi mmoja alinishika mkono mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, ofisi ya walimu ni ipi?" Nilicheka, nikampeleka, nikaketi kwenye kiti changu. Alishtuka kuliko mimi. Lakini mle darasani kulikuwa na kijana wa mstari wa mbele ambaye jina lake halisi nililijua wiki ya tatu, maana kila mtu, mpaka kwenye orodha ya zamu za usafi, alimwandika kwa jina la utani la ufupi wake. Huyo akifika chuo na simu yenye zile video, tutamshangaa kwa nini?

Ukiongelea mwili mlimani hapa, lazima mtu atakukumbusha wale waliopanda Kilimanjaro bila miguu. Ni kweli. Mwaka 2012 Kyle Maynard, aliyezaliwa bila mikono wala miguu kamili, alifika kileleni akitambaa. Mwaka huohuo Spencer West, aliyekatwa miguu yote miwili tangu utotoni, akafika mita 5,895, sehemu kubwa ya njia akitumia mikono. Nawavulia kofia. Ila hadithi hizi si dawa ya mwenzetu. Wale walishangiliwa na dunia nzima siku walipofika. Yeye hatafuti kushangiliwa. Anataka kuvuka uwanja wa kampasi aende maktaba bila mtu kumpigia mluzi.

Kuna miguu mingine kwenye miteremko hii ambayo inanifanya nione suala hili kwa macho mengine. Maji ya sehemu nyingi kuzunguka Meru, na baadhi ya maeneo ya Hai na Siha, yana madini mengi ya floridi. Shirika la Afya Duniani linasema yasizidi miligramu 1.5 kwa lita. Kiwango chetu cha zamani kiliruhusu mpaka 4. Meno ya kahawia tunayatania sana, lakini yakizidi zaidi, floridi huingia kwenye mifupa, na watoto hukua miguu imepinda. Hata magadi tunayoweka kwenye maharage na makande yanaweza kuongeza floridi. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti cha Wizara ya Maji ambacho kwa miaka kimekuwa kikichuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Na hapahapa Moshi, ndani ya eneo la KCMC, kuna TATCOT, chuo kilichoanza 1981, kinachofundisha watengenezaji wa miguu bandia na vifaa vya kunyoosha viungo kwa nchi nyingi za Afrika. Yaani mji huu unajua miguu kuliko tunavyodhani. Kwa mtoto aliyepinda miguu, kukata mfupa na kuunyoosha taratibu ni mlango wa kwenda shule kwa miguu yake. Hapo chuma kinarudisha kitu. Kwa mwenzetu kinaongeza kitu ambacho sisi ndio tulimwambia hana.

Kwa hiyo kwake nina maswali, si hukumu. Je, kama usingepata kazi unayoitaka, wala huyo dada, bado ungetaka sentimita tano? Nani atakaa na wewe miezi sita ya kwanza, na ameulizwa? Mfupa ukigoma kuunga, pesa ya operesheni ya tatu itatoka kipande gani cha kihamba? Umeshaongea na daktari wa mifupa ambaye hapati senti yoyote kwako ukisema ndiyo? Na umekaa na mtu wa ushauri nasaha, siyo akukataze, ila akusaidie kutenganisha miguu yako na maneno ya watu? Ukiwa na majibu ya haya na bado ukaamua, nitakuja kukuona na sitakucheka. Ila usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa sisi wengine kuna kazi tatu, na hakuna inayohitaji dola. Serikali ya wanafunzi iweke suala la kimo kwenye semina za afya ya akili, kama inavyoweka mengine. Mpaka sasa sijaliona hata kwenye bango. Waajiri, majeshi yakiwemo, waeleze kimo kinahitajika kwa kazi ipi hasa, na penye kuhitaji uwezo wapime uwezo. Na sisi walimu watarajiwa, tunaoenda kwenye madarasa kuanzia mwakani, tuwaite watoto majina yao.

Mwenzetu ameomba nyumbani wasubiri mpaka amalize mitihani ya mwisho ndipo kikao kirudi. Mnunuzi ameshapita kuona migomba, na kikao kijacho, amesema, atawaita na wadogo zake. Anasoma gazeti hili. Kama una la kumwambia, lenye ushahidi na lisilo na utani, liandike. Na kama hukubaliani na mimi, liandike pia.